Kabla ya Kumpandisha Chihuahua kwa Shih Tzu

Wenye mbwa wadogo huniuliza swali hili likiwa tayari limebeba jibu: nyumbani kuna Chihuahua jike na Shih Tzu dume, na kwa kuwa ni wa aina mbili tofauti, watoto wao watakuwa imara kuliko wazazi. Je, tuwapandishe? Kwa wengi jibu langu ni hapana, na sababu haihusu usafi wa nasaba. Chotara ni mbwa kamili. Ninachohofia ni yale ambayo wazazi hao wawili wanafanana, na yatakayomkuta jike siku ya kuzaa.

Imani kwamba chotara ni imara ina chanzo cha kweli. Yapo maradhi yanayojitokeza pale tu mtoto anaporithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Ukichanganya nasaba zisizohusiana, kasoro mbili za namna moja hukutana kwa nadra. Lakini faida hiyo ina mipaka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 na maradhi 24 ya kurithi. Maradhi 10 yaliwapata zaidi mbwa wa nasaba safi, 13 hayakuonyesha tofauti, na moja, kukatika kwa kano ya goti, liliwapata zaidi chotara. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London wakawalinganisha chotara wanaotafutwa sana siku hizi, kama Cavapoo, na aina za wazazi wao katika maradhi 57. Karibu asilimia 87 ya ulinganisho huo haukuonyesha tofauti.

Kwa mbwa wadogo mambo ni magumu zaidi, maana udogo wenyewe ni urithi wao wa pamoja. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba aina nyingi ndogo, hata zenye asili mbalimbali, zina umbo lile lile la kinasaba cha ukuaji kiitwacho IGF1. Na udogo una maradhi yake. Tazama magoti: mbwa anakimbia, ghafla ananyanyua mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Wengi hudhani ni madaha. Ni pia ya goti iliyohama kutoka kwenye mfereji wake, tatizo la kawaida kwa Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier na wenzao, na daktari hulitambua kwa vidole tu. Meno nayo ni 42, sawa na ya mbwa mkubwa, yamebanana katika taya dogo, na fizi huugua mapema.

Halafu kuna kasoro isiyongoja wazazi wawili. Mwaka 2017 watafiti walieleza nakala ya ziada ya kinasaba FGF4 inayozeesha mapema diski za uti wa mgongo. Kurithi nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja kunatosha kuongeza hatari ya diski kupasuka na mbwa kupooza miguu ya nyuma. Ndiyo inayowatesa Dachshund na Pekingese. Mwenzi mwenye mgongo salama si kinga kwa watoto.

Sasa jike. Chihuahua ana kilo mbili au tatu, na Shih Tzu dume anaweza kufika saba. Mimba huchukua siku 63 hivi. Akibeba mtoto mmoja au wawili tu, hao hupata nafasi ya kunenepa, na kichwa cha mviringo hukwama kwenye nyonga nyembamba. Hapo kinachobaki ni upasuaji, ndiyo maana nauliza mapema: kliniki gani mjini kwenu itakupokea saa nane za usiku, na fedha ya upasuaji ipo? Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ute wa kijani ukitangulia mtoto wa kwanza, usingoje kupambazuke. Kijani hicho ni dalili kwamba kondo limeanza kubanduka.

Hata akizaa salama, wiki za mwanzo za kunyonyesha humchota kalsiamu haraka kuliko mwili mdogo unavyoweza kuirudisha. Anahema, anatembea kwa kukakamaa, anatetemeka, kisha degedege. Asipochomwa kalsiamu kwenye mshipa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Tafadhali usimpe vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba kwa kudhani unamkinga: mwili huzoea kupewa, ukashindwa kuitoa akiba ya mifupa wakati inapohitajika, na hatari huongezeka.

Nitakubali pale ambapo jike ndiye mkubwa kuliko dume, ametimiza miaka miwili, magoti, moyo na macho ya wote wawili yamepimwa, na kila mtoto ana nyumba inayomsubiri. Dume asiwe mzururaji, kwani huku kwetu upo uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana.

Wapo wanaoshikilia kwamba jike lazima azae walau mara moja ndipo awe na afya. Si kweli. Kinachomlinda na usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike wengi wanaoanza kuzeeka, ni kuondolewa kizazi.

Kama wote wawili wanaishi kwako, joto la jike huja takriban kila miezi sita na kudumu kama wiki tatu. Wengi huwaachanisha siku za damu nyingi, kisha huwarudisha pamoja damu inapofifia, na hapo hasa ndipo jike anapokubali kupandwa. Watenge kwa milango miwili. Na dume akishahasiwa, endelea kuwatenga wiki kadhaa, kwa sababu mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zinaweza kutunga mimba.