Virusi Navyo Vihesabiwe

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii yawahusu wataalamu wanaolinganisha jeni za viumbe ili kujua nasaba yao. Kwa miaka mingi, katika daftari hilo kubwa la uhai waliandikwa binadamu, samaki, mimea na bakteria. Virusi vikaachwa nje ya mlango. Sababu iliyotolewa ni kwamba virusi havina ribosomu, kile kiwanda cha protini ambacho jeni zake ndizo zilizotumika kupimia udugu wa viumbe, wala hakuna jeni moja inayopatikana katika virusi vyote.

Sababu hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Jenomu ya kwanza kusomwa kwa ukamilifu, mwaka 1976 huko Ubelgiji, ilikuwa ya kirusi. Tena, karibu asilimia 8 ya jenomu ya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia wazee wetu wa kale. Mwenye kulinganisha jeni zetu bila ya kuvitia virusi hatajua kipi ni asili yetu na kipi ni cha kuazima.

Sisi watu wa visiwani tunao ushahidi wa karibu zaidi. Chikungunya, maradhi yaliyojulikana kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na kupewa jina kwa Kimakonde, yalizuka Lamu mwaka 2004, yakafika Ngazija mwaka 2005, kisha yakakiangukia kisiwa cha Réunion, ambako hadi mwaka 2006 yapata thuluthi moja ya wakazi waliugua. Jenomu ya kirusi hicho ina herufi zisizofika 12,000. Wataalamu walipolinganisha zile za mwanzo wa mlipuko na zile za baadaye, waliona herufi moja imebadilika. Na badiliko hilo ndilo lililokiwezesha kirusi kuenezwa vyema zaidi na mbu aina ya Aedes albopictus, aliyejaa kisiwani humo. Bila ya ulinganishi, siri hiyo isingefichuka.

Kwa hiyo, rai yetu kwa wahusika Serikalini ni bayana. Kila yazukapo maradhi, sampuli zihifadhiwe. Vijana wetu wafundishwe kuzisoma hapa hapa. Na jenomu za virusi vya visiwa vyetu ziingizwe katika ulinganishi wa dunia nzima, zikitajwa mahali zilikotoka. Mwananchi naye asiifiche homa ya mtaani kwake akidhani ni jambo dogo. Kazi hiyo ni sehemu ya ulinzi wa visiwa vyetu, na kila mmoja wetu ana zamu yake.