Mjomba na Ndege Iliyozunguka Mara Tano

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yamepamba moto, nilikwenda uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kumpokea mjomba wangu atokaye Mwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na mawingu yalishuka chini hata minazi ya mbali haikuonekana. Ndege yake ilichelewa kiasi cha dakika 20. Alipotoka nilimwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu," akajibu, huku uso umemkunjamana. "Lakini rubani wetu alipotea njia leo. Tulikuwa juu ya mawingu, na jua liliingia dirishani kwangu, likatoka, likarudi tena, mara tano. Mtu ajuaye aendako huzunguka mara tano?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye akanipa vitabu vya kusoma. Wasomaji wapenzi, nimeona afadhali niwagawieni yale niliyoyapata, kwa maana watu wengi hufikiri kama alivyofikiri mjomba. Kumbe kuzunguka kule si kupotea. Aliyepotea ni yule aendaye mbele asijue chini yake kuna nini.

MWILI HAUAMINIKI

Kwanza hatuna budi kujua kwa nini rubani aliye ndani ya wingu hawezi kutegemea mwili wake. Ndani ya sikio la mwanadamu mna vijifereji vitatu vyenye maji, navyo hutuambia kama twageuka au tumetulia. Mtu akianza kugeuka, maji yale hubaki nyuma kidogo, akahisi mgeuko. Lakini akiendelea kugeuka kwa mwendo ule ule, maji nayo hufuata, na mtu huona kama ametulia. Akisimama, huhisi anageuka upande wa pili.

Mwaweza kulijaribu jambo hili darasani. Mkalisheni mwenzenu katika kiti kizungukacho, mfungeni macho kwa kitambaa, mkamzungushe polepole kwa mwendo mmoja. Haupiti muda mrefu atasema kiti kimesimama. Kisimamisheni, naye atasema kinazunguka kinyume. Basi fikirini mtu huyo ndiye ashikaye usukani wa ndege yenye abiria!

Kwa hiyo rubani hufundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yake: kile kionyeshacho upeo wa macho, kipimo cha mwinuko, cha mwendo, na dira. Tarehe 24 Septemba 1929, Mmarekani James Doolittle alifunikwa ndani ya chumba cha rubani asione nje kabisa. Akaruka, akazunguka, akatua kwa kutazama vipimo na kusikiliza redio tu. Mwenzake alikaa mbele tayari kumwokoa, lakini haikuhitajiwa.

KITABU CHA SENTI KUMI

Hata hivyo vipimo havitoshi. Vipimo vyamwambia rubani ndege yake i vipi, lakini havimwambii kama mbele yake kuna kilima.

Katika miaka ya 1930 alikuwako rubani wa ndege za barua katika Marekani, jina lake Elrey Jeppesen. Wenzake wengi walikufa kwa kugonga milima katika hali mbaya ya hewa. Jeppesen alinunua kijitabu cheusi cha senti 10, akawa anaandika ndani yake urefu wa vilima, mabomba ya moshi na matangi ya maji, na namna nzuri ya kuingia katika kila uwanja. Marubani wenzake wakakitaka, naye mwaka 1934 akaanza kuuza nakala kwa dola 10.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na wapimaji kwa kanuni zilizokubaliwa na mataifa. Kila nchi huchapisha karatasi za viwanja vyake. Ndani yake mna mambo matatu makubwa: uelekee wapi, uende umbali gani, na usishuke chini ya futi ngapi. Hili la tatu ndilo lililobeba roho za watu.

KUONDOKA

Ndege irukapo katika wingu haiendi tu itakako. Hufuata njia iliyopimwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba ipande kwa asilimia 3.3 kwa uchache, yaani katika kila mita 1,000 za kwenda mbele iwe imepanda mita 33. Mahali penye vilima hutakiwa kupanda kwa ukali zaidi, au kugeuka mapema.

Tazameni uwanja wa Kilimanjaro. Upande wa magharibi umesimama mlima Meru wenye mita 4,566, na upande wa kaskazini mashariki Kilimanjaro wenyewe wenye mita 5,895. Siku ya jua milima hiyo ni pambo la macho. Siku ya wingu zito rubani haioni hata kidogo, nayo ipo pale pale. Ile mistari ya karatasi ndiyo impitishayo salama.

KUNGOJEA

Sasa twafika kwenye mizunguko ya mjomba. Uwanja ukiwa na ndege nyingi, au mvua ikizidi mno, waongoza ndege huziambia zingojee. Ndege haiwezi kusimama angani kama basi kituoni. Ikikosa mwendo huanguka. Basi hungojea kwa kuzunguka.

Mzunguko huo una umbo kama uwanja wa kukimbilia mbio. Una pande mbili zilizonyooka na mageuko mawili. Huanzia mahali maalumu palipoandikwa katika karatasi. Rubani hupita hapo, hugeuka kulia nusu duara, huenda moja kwa moja kwa dakika 1, hugeuka tena kulia nusu duara, kisha hurudi mpaka pale alipoanzia. Geuko la kawaida ni digrii 3 kwa kila sekunde. Fanyeni hesabu: digrii 180 zagawanywa kwa 3, jibu ni sekunde 60. Basi geuko moja ni dakika 1, na mzunguko mzima ni dakika 4. Mizunguko mitano ni dakika 20, sawasawa na zile alizochelewa mjomba! Rubani hakupotea hata kidogo; alikuwa akihesabu kwa saa.

Upepo nao huleta shida, maana huisukuma ndege nje ya umbo lile. Hivyo rubani hurekebisha mwelekeo na muda ili arudi mahali pake.

Wakingojea wengi, hupangwa mmoja juu ya mwingine kama sahani kabatini, na baina ya ndege na ndege huwekwa futi 1,000. Wa chini akiitwa kutua, wa juu yake hushuka ngazi moja, na wengine vivyo hivyo. Hakuna amwonaye mwenzake, lakini kila mmoja anajua nafasi yake.

Jambo moja tu halingojei, nalo ni mafuta. Kwa sababu hiyo ndege hubeba mafuta ya safari, na ya kwendea uwanja mwingine kama wa kwanza haufai, na tena akiba ya mwisho. Kwa ndege za jeti akiba hiyo ni ya kuruka dakika 30.

KUKARIBIA NA KUTUA

Zamu ikifika, ndege huanza kushuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina kikomo chake cha chini. Katika viwanja vikubwa, mwisho wa safari huongozwa na mawimbi ya redio. Wimbi la kwanza huonyesha kushoto na kulia. Limebeba mitetemo miwili, mmoja wa mara 90 kwa sekunde upande wa kushoto, na mmoja wa mara 150 upande wa kulia. Mitetemo ikilingana nguvu, ndege iko katikati ya njia. Wimbi la pili huonyesha juu na chini, na mteremko wake kwa kawaida ni digrii 3. Siku hizi ndege nyingi hutumia pia ishara za satelaiti.

Rubani hushuka hivyo mpaka urefu wa kukata shauri, ambao mara nyingi ni futi 200 juu ya ardhi. Hapo hutazama nje. Akiziona taa za uwanja, hutua. Asipoziona, hapewi ruhusa ya kubahatisha. Lazima apande tena kwa njia iliyokwisha kuandikwa, akajaribu upya au aende uwanja mwingine. Abiria huona kero, lakini kupanda tena si aibu.

NENO MOJA

Sasa nasema jambo lililonigusa kuliko yote. Karatasi ni nzuri, vipimo ni vizuri, lakini baina ya rubani na mwongoza ndege kuna maneno, na neno likikosewa, mengine yote huharibika.

Mwezi Septemba 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia Nairobi. Iliambiwa ishuke mpaka futi 7,500, lakini ndani ya ndege ikaeleweka futi 5,000. Uwanja wenyewe wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Yaani walikuwa wakishukia kimo kilicho chini ya ardhi! Kwa bahati njema waliiona hatari dakika ya mwisho, wakapanda.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 kutoka Kolombia ilikuwa ikienda New York, nayo ilikuwa na watu 158. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikangojeshwa mara tatu, jumla dakika 77. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani mkuu alimwambia msaidizi wake, kwa Kihispania, awaarifu waongoza ndege kwamba wako katika hatari. Msaidizi akasema kwa Kiingereza kwamba mafuta yanawaishia, ila lile neno lenyewe la hatari hakulitamka. Waongoza ndege, ambao kila siku husikia marubani wakilalamika juu ya mafuta, hawakuelewa kwamba hawa wamefikia ukingoni. Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana. Wakiwa wanarudi kujaribu tena, injini zilizimika, na ndege ikaanguka Cove Neck, katika kisiwa cha Long Island. Watu 73 walikufa.

Wachunguzi waliona makosa ya marubani, wakaona pia kasoro katika jinsi ndege zilivyopangwa siku ile. Siku hizi maneno yamewekwa wazi duniani kote. Rubani ambaye atatua na mafuta pungufu ya akiba ya mwisho hana hiari. Lazima atamke mara tatu neno "Mayday", kisha ataje mafuta. Na rubani apewapo amri ya kimo hulazimika kuirudia kwa sauti, ili aliyeitoa asikie kama imefika sawasawa.

Wenzangu, somo hili si la marubani peke yao. Ni mara ngapi mwalimu ameuliza, "Mmeelewa?" nasi tukaitika "Ndiyo" kwa pamoja, hali wengine hatukuelewa kitu? Ni mara ngapi mzazi ametumwa barua ya shule, akaambiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, asijue kwamba mtoto wake yu katika shida? Waswahili husema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kurudia ulichoambiwa si ujinga pia, wala kusema waziwazi, "Nimezidiwa, nisaidieni," si aibu.

Likizo ilipofika nilimweleza mjomba haya yote, nikamchorea ule mzunguko kwa kijiti mchangani. Akautazama kitambo, akafuata mstari kwa kidole, akahesabu dakika. Kisha akasema, "Basi yule kijana nilimsingizia. Tena siku ile nilipita mbele yake mlangoni nisimwitikie salamu." Akanyamaza kidogo, akaniambia nimchoree tena, safari hii pamoja na futi zake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne