Masta, Nyapara au Kiranja? Juu ya Istilahi ya Swichi Inayoongoza Rundo

Umeme ukatikapo na kurejea katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, swichi za mtandao zilizounganishwa rundoni huamua tena miongoni mwao ni ipi itakayoziongoza nyingine. Mafundi huiita swichi hiyo "masta", na tendo la kuipata huliita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya uchaguzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tukitafsiri maneno hayo bila kulitazama tendo lenyewe, tutapotoka.

Swichi ya mtandao, isichanganywe na ile ya taa, hupokea nyaya za kompyuta nyingi na kuupeleka kila ujumbe kwenye waya unaohusika. Pale nyaya za majengo mengi zinapokutana, tuseme kati ya maghorofa ya Umoja, swichi moja yenye matundu 48 haitoshi. Basi huunganishwa kadhaa kwa kebo maalumu, zikawa kama kifaa kimoja chenye anwani moja. Na kifaa kimoja sharti kiwe na akili moja.

Tuchukue mfano wa Catalyst 3750 za kampuni ya Cisco, ambazo ziliweza kuunganishwa hadi 9. Kila swichi huzitangazia nyingine sifa zake. Hapana kura inayopigwa. Ikiwa ipo inayoongoza tayari, huendelea kuongoza, hata kama swichi yenye daraja la juu zaidi itaongezwa na kuwashwa baadaye. Ikiwa haipo, hutazamwa daraja ambalo fundi ameipa kila moja, kuanzia 1 hadi 15, na kubwa hushinda. Madaraja yakilingana hupimwa mambo mengine, na mwisho kabisa hutazamwa namba ya utambulisho iliyotiwa kiwandani. Hapo ndogo ndiyo ishindayo.

Kanuni hii ya mwisho si ndogo kama inavyoonekana. Swichi hizo zote hutoka kiwandani zikiwa na daraja la 1. Fundi asipolibadili, umeme wa mtaa ukirejea zote huamka pamoja, na shauri huamuliwa na namba ya kiwandani. Kwa kuwa namba ndogo mara nyingi ni ya mashine ya zamani zaidi, mzigo wa uongozi huweza kuangukia ile kongwe.

Kwa hiyo "uchaguzi" haufai. Kila swichi hupitisha habari zilezile katika chekeche lilelile, na zote hufikia jibu moja. Neno letu ni "mchujo", ambalo Wakenya wamelizoea katika siasa za vyama (ingawa mchujo wa vyama haukosi mabishano).

Na inayoongoza tuiiteje? "Bwana", pamoja na mwenziwe "mtumwa", ni tafsiri ya moja kwa moja, lakini utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maneno hayo si sitiari tupu kwetu. Watengenezaji wenyewe wameanza kuyaacha: katika Catalyst 9300 husemwa swichi tendaji na swichi ya akiba. "Nyapara" lina mizizi katika historia ya mitaa kama Makongeni, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Hata hivyo nyapara husimamia mzigo bila kuubeba, hali swichi inayoongoza hubeba nyaya zake kama nyingine.

Napendekeza "kiranja". Kiranja wa darasa ni mwanafunzi kama wenzake. Huketi dawati lilelile, na akiondoka mwingine hushika nafasi. Hoja ya sarufi nayo ipo. Kiranja wa shule huchukua upatanisho wa viumbe hai: "kiranja amezimia". Wa rundo atarudi katika ngeli ya ki-/vi-: "kiranja kimezimika". Njia hii imekwisha kupitiwa na "kifaru": mnyama amekufa, lakini chombo cha vita kimeharibika.

Neno hili hustahimili hata hitilafu iliyo mbaya kuliko zote. Kebo za kuunganisha zikikatika, rundo hugawanyika, na kila kipande huwa na kinachokiongoza, vyote vikidai anwani ileile. Mtandao huvurugika. Fundi ataandika katika taarifa yake: viranja viwili vimegongana.