Mistari ya Zamani kwenye Uso wa Faiba

Mabasi madogo ya viti 33 yanayohudumia Kitui, Mwingi, Wote, Emali na Mtito Andei, huku kwetu Ukambani, Kenya, yana miili ya aina mbili. Ubavuni ni mabati. Uso wa mbele, na mara nyingi mgongo wa nyuma, ni faiba, jamii ile ile ya faiba inayoundiwa boti za mwendo kasi kule Mombasa na Lamu. Waunda mabodi huipenda kwa sababu hukubali maumbo ya kujikunja ambayo bati huyakataa, haishiki kutu, na ikipasuka huzibwa katika karakana yoyote ya jua kali. Taabu huanza siku mistari ya mapambo inapotakiwa kutoka.

Siku hiyo haikosi kufika. Kanuni za 2014 ziliwataka wenye magari ya abiria wajiunge katika sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na karibu kila sacco ina rangi na michirizi yake. Gari likihama, mapambo ya zamani yanatolewa. Kisha kuna ule mkanda wa njano ulioletwa na kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Basi likinunuliwa na kanisa au familia, mkanda huo hauna kazi tena. Shule nazo, tangu sheria ya 2017, zinatakiwa kuyapaka magari yao rangi ya njano, na fundi makini hapaki juu ya stika kuukuu.

Faiba huundwa kinyumenyume. Kalibu hupakwa nta, kisha hupuliziwa koti laini la resini liitwalo jelikoti, na ndipo nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ya poliesta hulazwa juu yake, tabaka baada ya tabaka. Kitu kikitolewa kwenye kalibu, lile koti la kwanza ndilo linalotazama nje. Unene wake ni kama nusu milimita tu, na ndilo ngozi ya pekee inayozuia maji yasifikie nyuzi. Msasa mkavu wa namba 80 unaweza kulimaliza kabla fundi hajatambua. Nyuzi zikishakuwa wazi, maji huzifuata kwa ndani, na rangi mpya itakayopigwa juu huvimba malengelenge msimu wa mvua ukifika. Mwenye gari hulaumu rangi, ilhali kosa lilifanyika wakati wa kubandua.

Jua la Ukambani huongeza ugumu. Tuko karibu kabisa na ikweta, Kitui mjini pako juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi ni mingi. Stika za vinili hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu ambayo hutoka kidogo kidogo kwa joto. Miaka ikipita, stika hukauka na kukatikakatika kama ganda la yai, huku gundi iliyo chini yake ikizidi kung'ang'ania. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia wembe na tina. Wembe huacha mikwaruzo inayoonekana hata baada ya rangi mpya. Tina, kama uso ulipakwa rangi ya NC isiyochanganywa na hadina, huondoka na stika na rangi kwa pamoja. Lowesha kitambaa cheupe kwa tina, usugue kidogo pahali palipojificha. Kitambaa kikichukua rangi, weka tina kando kabisa.

Dawa ya joto ni bora, na sisi tunayo bure. Osha uso kwa sabuni na maji mengi, maana vumbi letu jekundu lina mchanga unaokwaruza. Kisha egesha gari uso ukielekea jua kati ya saa sita na saa nane mchana. Stika ikishapata moto, inua pembe moja kwa ukucha au kwa kadi kuukuu ya plastiki, uirudishe juu ya mgongo wake na kuivuta polepole, bila kuinyanyua wima. Ukivuta kwa pupa itakatika na gundi yote itabaki. Siku ya mawingu, mashine ya kukausha nywele inatosha. Ile bunduki ya joto ya mafundi wa rangi yataka tahadhari kubwa, kwa sababu resini ya poliesta ya kawaida huanza kulegea katika nyuzijoto ambazo bunduki hiyo huzipita kwa mbali. Ikiwa huwezi kutuliza kiganja juu ya faiba, umezidisha.

Gundi inayosalia, paka mafuta ya taa, iache ilainike, halafu uifute kwa kitambaa na umalizie kwa spiriti ili mafuta yasibaki. Usitumie petroli; karakana ngapi zina jiko la makaa hatua chache kutoka lilipo gari? Na dawa ya kuchubua rangi ya chuma isiguse faiba hata kidogo. Haitofautishi rangi na resini, itakula vyote viwili.

Mistari iliyopakwa kwa brashi au kupuliziwa haina njia ya mkato. Tumia msasa wa maji, uanze na namba 800, upande hadi 1500 na 2000, ukiufungia kwenye kibao ili vidole visichimbe mabonde. Simama mara tu rangi ya chini inapochungulia. Vaa barakoa na uweke maji tele, kwa kuwa vumbi la faiba lina chembe za kioo, na wanafunzi wa karakana ndio hulivuta zaidi.

Baada ya yote hayo, mstari utaonekana bado. Hiki ni kivuli: chini ya stika rangi ilibaki mbichi, pembeni jua liliipausha. Wengi hudhani gundi haijaisha, wakaendelea kusugua hadi wakatoboa koti. Kinachotakiwa ni kung'arisha sehemu iliyopauka kwa kompaundi, kisha kupaka nta. Upaukaji ukiwa wa miaka mingi, kivuli hakitaisha chote, na hapo kupiga rangi uso mzima ndiyo kazi ya haki.

Mwenye gari, ukibadilisha rangi ya gari, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, lazima ijulishwe. Na umpe fundi wako siku nzima ya jua kwa ajili ya uso peke yake. Fundi anayeharakishwa ili gari lirudi steji jioni ndiye huyo huyo atakayechukua wembe.