Macho Mawili, Kipimo Kimoja

Mama anapotunga uzi kwenye sindano, au mtoto anapodaka mpira, nani anayepima umbali? Si macho peke yake, ni ubongo.

Macho yetu yametengana kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila moja huona kitu kwa upande wake. Ubongo huunganisha picha hizo mbili, na kwa tofauti yake ndogo hutambua umbali na umbo. Charles Wheatstone wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1838. Jaribuni nyumbani: fumba jicho moja, kisha tunga uzi.

Kwa vitu vya mbali sana ubongo hutegemea alama nyingine. Ng'ombe wa mbali kwenye tambarare za Kongwa huonekana mdogo, na mlima wa mbali hufifia kwa vumbi. Alama hizi tunajifunza. Mwaka 1961 Colin Turnbull aliandika habari za Mmbuti mmoja wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye hakuzoea kutazama mbali. Alipowaona nyati wa mbali uwandani, aliuliza ni wadudu gani.

Watoto wetu

Mtoto hazaliwi na uwezo wa kupima umbali kwa macho mawili. Huanza kujitokeza kati ya miezi 3 na 5, na ili ukue lazima macho yote mawili yatazame mahali pamoja. Mtoto akiwa na makengeza, ubongo hupokea picha zinazogombana, ukaipuuza moja. Jicho lililopuuzwa hudhoofika, ingawa kwa nje laonekana zima.

Wapo wanaosema makengeza ni urembo, au yatapona yenyewe. Tusingoje. Yakionekana baada ya miezi 4, mpelekeni mtoto hospitali. Miwani, kufunika jicho zuri kwa saa zilizopangwa, au upasuaji husaidia zaidi akiwa hajafikisha miaka 7. Na mboni ikionekana nyeupe, msikawie hata siku moja: yaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani.

Tusisahau pia trakoma, yaani vikope, iliyowasumbua watu wa Kongwa kwa miaka mingi. Kovu lake kwenye jicho moja tu laweza kuharibu kipimo hiki. Tuwanawishe watoto uso kila siku na tutumie vyoo.

Aliyekwisha kupoteza jicho moja asikate tamaa, kwani ubongo hujifunza upya. Anapomimina chai, aguse ukingo wa kikombe kwa mdomo wa birika. Anapotaka kuvuka barabara, ageuze kichwa chote pande zote mbili, na asiharakishe.