Suruali ya Kazi za Nje Wakati wa Kipupwe: Namna ya Kuitambua Idumuyo

Kuanzia Juni hadi Agosti, masika yakishapita na kabla ya joto kurejea, wengi hutafuta suruali ya kushinda nayo nje: mkulima anayevuna, mwendesha bodaboda, fundi ujenzi, mwongoza watalii. Majira haya hayahitaji suruali nzito. Asubuhi ya Njombe au Lushoto ina baridi kali, lakini jua likishapanda aliyevaa kitambaa kinene hutokwa jasho bure. Inatosha suruali ya uzito wa wastani, na baridi ya alfajiri izuiwe kwa nguo ya ndani inayoweza kuvuliwa.

Mlaji asiipime suruali kwa bei pekee. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: suruali ya shilingi 15,000 inayochanika baada ya miezi mitatu imemgharimu mvaaji shilingi 5,000 kila mwezi, ya shilingi 36,000 inayodumu miezi kumi na minane imemgharimu 2,000. Hata hivyo, bei kubwa si dhamana ya uimara. Nyingine hulipiwa jina lililoshonwa mfukoni, huku kitambaa kikiwa kilekile cha jirani yake asiye na jina.

Anza na kitambaa. Pamba tupu hupitisha hewa vizuri na hufyonza jasho, ila ikilowa hukawia kukauka, na huweza kusinyaa inapofuliwa mara ya kwanza. Poliesta hukauka upesi na huvumilia msuguano, lakini huhifadhi joto, na cheche ya moto huiyeyusha. Haimfai mchomeleaji wala anayepika kwa kuni. Kwa kazi nyingi za nje, mchanganyiko wa hizo mbili ndio wenye nafuu zaidi. Tazama pia ufumaji: kitambaa chenye mistari midogo ya mshazari, kama kaki na dengrizi, kwa kawaida hustahimili zaidi kuliko kilichofumwa wima na mlalo kwa uzito uleule. Lebo ikitaja uzito, gramu 200 hadi 260 kwa mita mraba zinafaa majira haya. Isipoutaja, inua kitambaa kuelekea kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, magoti hayatafika mbali.

Mishono ndiyo inayostahili muda wako mwingi, kwa kuwa mara nyingi suruali hufumuka kabla kitambaa hakijachakaa. Geuza suruali ndani nje. Mshono wa msamba na wa makalio uwe na mistari miwili ya uzi iliyo sambamba. Shika pande mbili za mshono, uvute kwa nguvu ya wastani. Ukifunguka na kuonyesha nyuzi zilizotanuka kama meno, irudishe mezani. Pembe za mifuko na mwisho wa zipu ziwe zimekazwa kwa ushonaji mfupi, mzito, wa kwenda na kurudi. Fungua na kufunga zipu mara kumi, hata kama muuzaji anakutazama kwa jicho la kukereka. Kisha ivae na uchuchumae. Suruali inayobana msamba ukichuchumaa itachanika hapo hapo, hata ingeshonwa na fundi bora kuliko wote.

Katika masoko ya mitumba, kama Karume jijini Dar es Salaam au Memorial mjini Moshi, mlaji makini hupata vitambaa imara kwa bei ndogo. Mtumba una faida moja isiyosemwa sana: aghalabu umekwisha kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo kusinyaa kwake kumekwisha. Kasoro zake hujificha makalioni, magotini na ndani ya mapaja, mahali kitambaa kilipolika bila kutoboka. Sehemu hizo zipimwe kwenye mwanga, si kwenye kivuli cha turubai. Anayemtegemea fundi cherehani naye aloweke kitambaa cha pamba usiku kucha na kukikausha kabla hakijakatwa, aagize uzi wa poliesta na mishono miwili, na aombe iachwe akiba ya kitambaa kiunoni.

Jambo zito zaidi ni ukweli wa lebo. Ikiwa umeuziwa suruali kwa maelezo kwamba ni pamba tupu na unatia shaka, chomoa uzi mmoja wa kitambaa kutoka ukingo wa ndani ukiwa nyumbani, uushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na watoto, na uuchome. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Neno “haipitishi maji” nalo lijaribiwe dukani, kwa idhini ya muuzaji, kwa matone machache. Yakiteleza, ujue tu kwamba uso wa kitambaa unafukuza manyunyu. Mvua ya saa nzima ni habari nyingine.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kwa hiyo bango la “mali ikiuzwa hairudishwi” halimpi muuzaji ruhusa ya kuita poliesta pamba. Lakini haki hiyo isichanganywe na kubadili mawazo: rangi isiyokupendeza ukifika nyumbani, au tundu ulilolionyeshwa ukakubali kupunguziwa bei, si msingi wa lalamiko.

Dai risiti ya mashine ya EFD, na uombe aina ya kitambaa iandikwe. Kwa mtumba wa mezani usio na risiti, ukaguzi wako wa awali ndio kinga yako kubwa. Kasoro ikijitokeza, usiifue wala kuipeleka kwa fundi kwanza; ipige picha, itunze pamoja na lebo, na umrudie muuzaji mapema. Akikataa kusikiliza, wasilisha lalamiko kwa maandishi katika ofisi ya Tume ya Ushindani, ukiambatanisha nakala ya risiti na picha. Risiti halisi ibaki nayo nyumbani.