Je, Wajua? Kadi za Grafiki Zilipoadimika

Je, wajua kwamba RTX 3080 ya Nvidia ilipoingia sokoni tarehe 17 Septemba 2020 kwa dola 699, maduka ya mtandaoni yaliishiwa ndani ya dakika chache? Walanguzi walikuwa na programu za kununua zenyewe, na muda si muda kadi zikaonekana eBay kwa bei ya kutisha. Lakini hao waligombania kadi ya wenye nazo. Aliyeumia zaidi ni mwenye dola 150 mfukoni, na safu hii ni yake.

Je, wajua kwamba Laszlo Hanyecz, yule wa Florida aliyelipia pizza 2 kwa bitcoin 10,000 mwezi Mei 2010, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuchimba sarafu za kidijitali kwa kadi ya grafiki? Prosesa hufanya hesabu chache ngumu; kadi hufanya maelfu ya hesabu nyepesi kwa mpigo mmoja, ndiyo maana wachimbaji nao wakazigombania.

Je, wajua kwamba Ethereum, sarafu iliyozimaliza kadi madukani, ilitegemea memori kuliko nguvu ya chipu? Kila mchimbaji alilazimika kupakia kwenye memori ya kadi faili kubwa liitwalo DAG. Mwaka 2015 lilianza na GB 1, kisha likawa linanenepa kwa takriban MB 8 kila bloku 30,000, yaani kila siku tano hivi. Mwishoni mwa 2020 likawa halienei tena kwenye kadi za GB 4. Hapo soko likagawanyika: RX 580 ya AMD yenye GB 8 ikagombaniwa, pacha wake wa GB 4 akaachiwa wacheza gemu. Kipindi hicho, mnunuzi wa pesa kidogo alipaswa kuuliza GB kabla ya kuuliza jina.

Nvidia nao waliisoma hali hiyo. Mapema 2021 waliirudisha GTX 1050 Ti, kadi ya Oktoba 2016 yenye GB 4, ambayo ilipozaliwa iliuzwa dola 139. Ilirudi ikiwa mzee na bado ikapandishwa bei.

Je, wajua kwamba mwezi Juni 2020 AMD waliandika hadharani kwamba GB 4 hazitoshi tena kwa gemu za kisasa? Januari 2022 wakatoa RX 6500 XT ya dola 199. Memori: GB 4. Makala yale yakatoweka kwenye tovuti yao, watu wakapiga kelele, yakarudishwa. Kadi yenyewe haikuwavutia wachimbaji, hilo kweli, lakini ilipunguzwa mno: huwasiliana na madabodi kwa njia nne tu za PCIe, hivyo ukiiweka kwenye kompyuta ya zamani yenye PCIe 3.0 inapoteza kasi, na haina kifaa cha kurekodi video za michezo. Kompyuta ya zamani ndiyo hasa aliyonayo mteja wa kadi ya bei nafuu! Sijui walimtengenezea nani.

Je, wajua kwamba Nvidia walijivunjia kufuli wenyewe? RTX 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa imefungwa ili ichimbe Ethereum kwa nusu ya kasi. Mwezi uliofuata wakatoa draiva ya majaribio, namba 470.05, iliyoliondoa kufuli kwa bahati mbaya. Wachimbaji hawakungoja kuombwa radhi.

Je, wajua kwamba Ajinomoto, wale wale wa kiungo cha mchuzi, wana mkono katika uhaba huu? Kampuni hiyo ya Japani hutengeneza utando wa kuhami umeme unaotumika katika vibao ambavyo chipu hukalishwa juu yake. Vibao hivyo vilipokosekana, chipu zilikosa pa kukaa.

Je, wajua kwamba majina hudanganya? GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa memori tu. Ina viini 1,152, ya GB 6 ina 1,280. GT 1030 iko ya GDDR5 na iko ya DDR4, na hiyo ya pili husafirisha data kwa kasi ya karibu theluthi moja ya mwenzake. RX 580 2048SP ni RX 570 iliyovalishwa kanzu. Mbaya zaidi ni GTS 450 ya mwaka 2010 iliyoandikwa upya BIOS ili ijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z, programu ya bure, huzitambua nyingi za namna hiyo na kuziandika kuwa ni feki.

Je, wajua kwamba sloti ya PCIe hutoa hadi wati 75? Ukiwa na kompyuta ya ofisi iliyotumika, ambayo mara nyingi pawa saplai yake haina waya wa kadi, tafuta GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyodai waya huo. Pima pia kimo cha kasha: yale membamba hutaka kadi fupi.

Je, wajua kwamba ziko kadi zisizo na pa kuchomeka skrini? P106-100 ya 2017 ilitengenezwa kwa uchimbaji tu. Bei ya sarafu ilipoporomoka, watundu walizinunua kwa bei ya kutupa, wakapitishia picha kwenye grafiki ya prosesa, gemu zikachezeka. Mashine maalumu za bitcoin, kama zile zilizotumia umeme wa maji katika Hifadhi ya Virunga huko Kongo, hazina bahati hiyo. Hazichezi gemu lolote.

Je, wajua kwamba Ethereum iliachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, na kesho yake EVGA, waliokuwa wakiunda kadi za Nvidia, wakatangaza kuacha kazi hiyo? Mitumba ya wachimbaji ilimwagika sokoni. Si yote mibovu, kwani wengi waliziendesha kwa umeme mdogo kuokoa bili. Kinachochoka kwanza ni feni. Kwa RX 470 na 580, uliza kama BIOS iliguswa, maana wachimbaji walipenda kuiandika upya ili memori ikimbie. Gemu likikwamakwama, angalia ubavuni mwa kadi: baadhi zina kiswichi kidogo cha kuhamia BIOS ya pili.